Ratiba ya Kupanda Kyamabale

Mimi siwezi kukaa. Mama husema nilizaliwa na siafu miguuni, na shuleni ninakofundisha wameutumia ugonjwa huo vizuri: ni mimi ninayepanga ratiba ya vipindi vya shule nzima. Mwalimu akichelewa kuingia darasani, tumbo langu linajua kabla ya mkuu wa shule. Wenzangu hawanipendi sana siku za Jumatatu.

Sasa mpe mtu wa namna hiyo habari tuliyopewa sisi mwezi wa Januari. Nilimpeleka baba kwa daktari wa macho kwa sababu alikuwa anajigonga kwenye meza, na daktari akapima, akapima tena, kisha akazungumza na mimi kana kwamba baba amebaki nyumbani. Presha ya macho ilikuwa imeshakula sana. Dawa ya matone ingechelewesha mambo, isingerudisha kilichokwisha kwenda. "Kama kuna kitu mzee anapenda kukiona," alisema, "akione mwaka huu."

Tulirudi Ijuganyondo, nyumbani kwa wazazi, kwenye gari la jirani yangu Shaban, ambaye nyumba yake na yangu pale Bilele zinatenganishwa na ukuta tu. Njiani nikamuuliza baba angependa kuona nini. Nilijiandaa kwa lolote. Angesema Roma, ningekwenda kukopa.

"Kyamabale," alisema.

Kyamabale ni kilima kilicho nyuma ya nyumba aliyozaliwa, huko Kishanda, wilaya ya Muleba. Alichungia mbuzi pale utoto wake wote. Siku hizi kimepata jina. Vijana wanatoka Bukoba na hata mbali zaidi kila Jumamosi kwenda kupanda na kupiga picha, asubuhi wanapanda, jioni wamerudi mjini wakiwa wamechomwa na jua na wameridhika. Mimi mwenyewe sikuwahi kukipanda. Kishanda kwetu ilikuwa mahali pa Krismasi na misiba, na siku zote hizo mtu huwa amevaa viatu vya kanisani.

Nikasema basi, tutapanda. Siku moja tu, kwenda na kurudi. Ni jambo dogo.

Lilinitesa miezi sita. Februari baba alisema jua ni kali. Kwaresima ilipoanza akasema mtu hafungi huku anatembeatembea kama mtalii. Baada ya Pasaka ikaja masika, na hapo sikuwa na la kusema, maana hata mimi niliona jinsi njia zilivyokuwa utelezi. Mvua zilipokatika, kahawa ikaiva, akasema haiwezekani watu wako shambani halafu yeye yuko mlimani. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Huwezi kugombana na mtu ambaye kila mara ana sababu ya kweli. Nikawa napanga na kufuta, napanga na kufuta, na kila nikifuta nasikia ile sauti ya daktari: mwaka huu, mwaka huu.

Nikawa mkali nyumbani na kazini. Nilimgombeza hata kondakta wa watu. Niliogopa, basi, nasema wazi: niliogopa kwamba baba yangu angeingia gizani akiwa na kitu kimoja tu alichokiomba, na mimi, hodari wa ratiba, nimeshindwa kumpatia.

Julai shule zilipofungwa nikaenda Ijuganyondo na uamuzi. Baba alikuwa sebuleni, redio pembeni. Zamani asubuhi ungemkuta na gazeti, lakini alisema magazeti siku hizi hayana habari.

"Jumamosi ijayo," nikamwambia. "Kahawa imevunwa, mvua hakuna, harusi hakuna, nimeuliza hadi parokiani. Tunaenda."

Alipunguza sauti ya redio. Mama, Immakulata wake wa miaka yote hiyo, alikuwa anammiminia chai. Aliweka kikombe mezani, akageuza mkono wa kikombe kuelekea upande wake, akakigonga kidogo kwa kijiko. "Mwitikie mtoto," akasema.

"Haya," baba akasema. "Jumamosi."

Nilifurahi nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya kilima kutoka angani, na njia niliyoifuata kwa kidole kutoka barabarani hadi kileleni. Baba aliishika simu kwa mikono miwili akaitazama kwa muda.

"Wamepiga kutokea upande wa ziwa hii," alisema. "Nzuri. Nzuri sana."

Niliipokea simu na kukuta kioo kimezima. Simu yangu ina tabia hiyo, inazima haraka, na wala sikuwaza zaidi.

"Mama, na wewe utakuja?"

"Magoti yangu hayana ratiba," mama akasema, akaenda jikoni.

Tatizo la Kishanda si mlima. Tatizo ni nyumba. Kutoka barabara kuu hadi mguu wa Kyamabale unapita kwenye vibanja vya ukoo wetu, mgomba unapoishia wa huyu unaanza wa yule, na hakuna namna ya kupita kimya. Ukipita bila kuingia, habari zitafika Bukoba kabla yako. Ukiingia, utaletewa akamwani, ile kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo. Utachukua punje, utatafuna, utaulizwa habari za kila aliye hai na za baadhi ya waliokufa. Halafu jiko litawashwa. Jiko likishawashwa, kunja ratiba yako uweke mfukoni, kwa sababu kuondoka kwa watu chakula kikiwa motoni ni tusi ambalo watakuja kusimuliwa wajukuu.

Kwa hiyo mpango wangu wote ulisimama juu ya siri. Hakuna kumpigia mtu simu Kishanda. Tutafika mapema watu wakiwa bado wanaamka, tutaacha gari mbali, tutapanda, na tukishashuka ndipo tuingie kwa ndugu kusalimia na kula hadi tuchoke. Shaban, ambaye angetuendesha, aliapa kwa Mungu. Baba aliweka kidole mdomoni kama mtoto aliyefundishwa kunyamaza.

Nilimnunulia viatu vyenye meno na fimbo nyepesi. Nilimnunulia pia kizibao cha njano kinachong'aa, kile wanachovaa bodaboda, maana Jumamosi kileleni watu ni wengi na sikutaka kumpoteza.

"Unataka nibebe abiria?" baba aliuliza alipokigusa.

"Nataka nikuone popote utakapokuwa."

"Haya," akasema, akakivaa palepale, akashinda nacho siku nzima. Mama alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga. Nilidhani anacheka tu.

Jumamosi tuliondoka alfajiri. Mama alimfunga baba vifungo vya kizibao, akamshika mkono akauweka kwenye mlango wa gari. Nilikuwa nimekaa mbele tayari, nikigongagonga dashibodi, na Shaban akaniambia, "Mwalimu, ukiendelea hivyo gari litadhani unaliita." Tulipita Kemondo jua likichomoza. Baba alikuwa ameshusha kioo, upepo unampiga usoni. Tulipoanza kurukaruka akasema, "Haya matuta ni ya Muhutwe." Kweli yalikuwa ya Muhutwe. Nikafikiri, mzee yuko macho leo, atafaidi.

Tulipoingia njia ya vumbi ya Kishanda, nikamwambia Shaban apunguze mwendo asipige honi hata kwa kuku. Kwenye kona ya kwanza tukamkuta Kagaruki, mtoto wa baba yangu mkubwa, amesimama kando ya njia. Alikuwa amevaa koti na kofia, na viatu vimepigwa rangi. Mtu havai koti asubuhi kwenda kukata migomba.

"Kasinge waitu!" alitusalimu kwa Kihaya, mikono juu. "Karibuni, karibuni, msipite."

Nilimtazama Shaban kwa jicho la kumkaanga. "Umemwambia nani?"

"Wallahi sijamwambia mtu! Hata mke wangu anadhani nimekwenda Muleba kuchukua tairi."

Baba alikuwa ameshafungua mlango. Tukaingia kwa Kagaruki. Akamwani ikaja, tukatafuna. Juisi ya ndizi ikaja, tukanywa. Kagaruki akaanza habari ya ng'ombe wake aliyeuguzwa na daktari wa mifugo aliyekuwa ameoa kwa kina nani, na kila alipokaribia mwisho baba aliuliza swali jingine. Aliuliza rangi ya ng'ombe! Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti, mguu unacheza wenyewe, nikitazama nje mlangoni ambako kilima kilikuwa wazi kabisa, bila wingu, majabali yake meusi yamepata jua. Tayari kulikuwa na vijana wanapanda, kofia nyekundu na bluu. Niliumia. Kila swali la baba lilikuwa linamla yeye mwenyewe muda wake wa kuona.

Tulipotoka hapo jua lilikuwa limeshapanda. Nikajipa moyo. Tumebakiza nyumba moja, ya shangazi Kokugonza, dada wa baba, iliyo chini kabisa ya mlima, ile aliyozaliwa baba. Tutasalimia tumesimama.

Shangazi alikuwa ametandika nyasi mbichi sebuleni. Hapo ndipo nilipojua kwamba tumekwisha, maana hutandiki nyasi mbichi kwa mgeni usiyemtarajia. Akamkumbatia baba, akamshika uso kwa viganja viwili, akamkalisha. Mimi akanivuta hadi uani. Kulikuwa na majogoo wawili wamefungwa miguu chini ya mti wa kahawa, wazima, wanatukodolea macho. Sufuria ilikuwa tupu. Hata ndizi zilikuwa hazijamenywa.

"Shangazi," nikasema, na nilijitahidi sauti iwe ya adabu, "kama mlijua tunakuja, mbona hamjapika?"

"Tungepikaje, mwana wange? Tuliambiwa mna Mwislamu, tusichinje hadi afike achinje mwenyewe, ili na yeye ale. Mwite basi."

Hilo ni jambo la kawaida kwetu na ni heshima nzuri. Huwezi kumkaribisha Mwislamu kwenye kitoweo asichoweza kula. Shaban alikuja, akakunja mikono ya shati, akaomba kisu na kukijaribu kwa kidole gumba. Lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno moja.

"Mliambiwa na nani?"

Shangazi akanishangaa. "Si baba yako? Alipiga Jumatano. Akasema na Kagaruki aambiwe asimame njiani. Akasema kabisa, kuku wawe wawili, na tuchague wazee, wenye nyama ngumu."

Shaban aliacha kunoa kisu.

Nyama ngumu! Jogoo mzee wa Kishanda haivi hadi mchana umekwisha. Miezi sita nakimbizana na macho yake, nawagombeza makondakta, na mwenye macho ndiye anayenitegea miguu. Nilimtafuta sebuleni, hayupo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, upande unaotazama mlima, amekaa kwenye kigogo kando ya mkeka wa kahawa iliyoanikwa. Mkono wake ulikuwa unapitapita juu ya kahawa, unaigeuza.

"Baba, umempigia shangazi simu."

"Nimempigia."

"Ili tuchelewe."

"Ndiyo."

"Kama hutaki kupanda si ungesema! Kwa nini unifanye mjinga?" Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kumpandishia baba yangu, na kule uani jogoo alipiga kelele kisha akanyamaza.

Baba hakukasirika. Aliendelea kugeuza kahawa. "Ningesema sitaki, ungedhani nimekata tamaa, ungelia. Nilingoja mvua inikatalie, ikakatika. Nikasema basi, ngoja ndugu wanisaidie. Siku ikiharibiwa na ndugu, hakuna wa kulaumiwa."

"Lakini kwa nini? Wewe ndiye uliyeomba kuja kuona."

"Kwa sababu kule juu ungeniuliza, 'Baba, unaona?'"

Nilimtazama. Alikuwa ameelekeza uso kwenye mlima, jua limemjaa machoni, na hakuwa anakunja macho hata kidogo. Kikombe, kijiko, mkono juu ya mlango wa gari, simu iliyozima mikononi mwake. Vyote vilinijia kwa pamoja, nikaona aibu, kisha huzuni ikaizidi aibu.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Kwaresima. Naona mwanga. Naona kama mtu amekaa au amesimama." Akatabasamu. "Wewe hukai, kwa hiyo kukujua ni rahisi."

"Na mama anajua."

"Mama yako nitamficha nini? Nilimkataza kukuambia. Ulikuwa unapanga kwa furaha, unakuja kila Jumapili na viatu, na fimbo, na hiki kizibao. Nilipenda ulivyokuwa unakuja."

Nililia basi. Nilichuchumaa pale kando ya mkeka nikalia kwa hasira na kwa uchungu, na zaidi kwa uchungu. Nilikuwa nimechelewa tangu Kwaresima, na miezi yote hiyo nilikuwa nakimbia. Baba aliniacha nilie. Alipapasa akakipata kichwa changu, akakipigapiga kama anavyopiga gunia kujua kahawa imekauka.

"Sasa sikiliza," alisema. "Mimi Kyamabale ninacho. Kila jiwe. Wewe huna, na kosa ni langu, nilikuwa nakuleta huku na viatu vya kanisani. Nenda ukapande."

"Bila wewe?"

"Mimi nitakaa hapa. Ukifika juu, nipigie."

"Na chakula?"

"Hao majogoo niliwachagua mwenyewe," baba alisema. "Utapanda na kushuka, utawakuta bado wagumu."

Shangazi alinung'unika, kwamba mtu haachi jiko linawaka, lakini baba alimwambia neno la Kihaya kwa sauti ya chini, naye akaingia ndani akanitolea ndizi mbivu mbili za njiani. Shaban alisema yeye habanduki. Kuku aliyemchinja kwa mkono wake hawezi kumtelekeza.

Nilipanda peke yangu. Nilipanda vibaya, kwa pupa, nikiteleza kwenye changarawe, nikiwapita vijana waliokuwa na spika inayopiga muziki. Mmoja akaniambia, "Mama, mlima hauondoki." Kifua kiliwaka, machozi na jasho vilichanganyika, na sikutazama nyuma hata mara moja hadi njia ilipoisha na mbele yangu kukawa na anga tu.

Juu kulikuwa na foleni ya kupiga picha kwenye jabali. Nilisogea pembeni, nikapiga simu. Ilipokelewa haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Unaona nini?"

"Naona ziwa, kule mbali, na—"

"Usianze na ziwa. Kila mtu anaanza na ziwa. Anza na hapo ulipo."

Nikatazama nilipo. Nikamwambia jiwe ni jeusi lakini lina madoa ya kijivu kama ukurutu. Nikamwambia kuna ufa, na ndani ya ufa kuna maua madogo ya zambarau. "Bado yapo?" alisema. Nikashuka naye kwa maneno, nyasi, kichaka, kijito. Nikamtajia msitu wa mikaratusi, akasema huo haukuwapo, uko upande gani, mkubwa kiasi gani, na nikasikia anavuta pumzi, anaupanda msitu huo mahali pake. Sijawahi kutazama kitu kwa muda mrefu namna ile. Nilitaja mabati ya Kagaruki. Nilitaja migomba, imejaa, huoni ardhi.

"Na mimi unaniona?"

Nilikitafuta kibanja cha shangazi. Pale kwenye kijani chote kile kulikuwa na nukta ya njano.

"Nakuona, baba. Kizibao kinaonekana."

"Napunga mkono. Umeona?"

Alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa juu, unakwenda huku na huku, kwa nguvu, kama mtu anayeaga meli. Lakini alikuwa ameelekea upande mwingine, kushoto kwangu, kwenye mnara wa simu ulio ncha nyingine ya kilele, ambako hakukuwa na mtu.

Nilianza kutembea. Nilikwenda pembeni mwa kilele simu ikiwa sikioni, nikapita katikati ya picha ya watu, mmoja akaguna, nikaruka ufa, nikapita nyuma ya mnara, macho yangu kwenye ile nukta, hadi niliposimama pale mkono wake ulipokuwa umeelekea.

"Nimeona," nikamwambia. "Unanipungia mimi kabisa, tata, baba yangu."

"Nilijua," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi. "Sasa acha kukimbia. Kaa hapo kidogo."

Nikakaa.